Ngeli ya Nyutrino

Kambini, tarehe 3 Februari

Mke wangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui wewe na mtoto. Usicheke mwandiko, naandikia juu ya ndoo maana meza imekaliwa na watu wa karata.

Umeniuliza kazi yangu ni nini haswa, kwa sababu wifi yako anawaambia watu kwamba nachimba makaburi. Mwambie dada yangu aache umbea. Huku chini, mita elfu moja ndani ya mlima, kwenye mgodi ya zamani, kuna tanki kubwa kuliko shule yenu. Ndani ni maji matupu. Ukutani kuna macho ya kioo, maelfu, yanaangalia giza. Kazi yangu ni hiyo maji. Pampu, vichungi, mabomba. Maji ikichafuka hata kidogo macho hayaoni kitu.

Wanaangalia nini? Nyutrino. Daktari ametuelezea, si daktari wa sindano, ni wa fizikia, ndiye mkubwa wetu. Anasema nyutrino ni mdogo kuliko unavyoweza kufikiria, hana umeme, hagombani na mtu. Anatoka kwenye jua, anapita kwenye mlima, kwenye tanki, kwenye wewe hapo ulipokaa, na huna habari. Kwenye ukucha wako peke yake wanapita mabilioni kila sekunde. Ila mara moja moja mmoja anagonga maji, na maji inatoa mwanga kidogo wa buluu. Hapo ndio tumempata.

Wa kwetu sisi hawatoki juani. Kuna mashine mbali sana inawatuma chini kwa chini, wote wa aina moja. Sisi tunangoja atakayefika akiwa amebadilika kuwa aina nyingine. Juzi amepita mmoja. Tumemngoja siku kumi na saba. Daktari alilia.

Mkataba unaisha mwisho wa Juni kama nilivyokuambia.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani, tarehe 16 Februari

Mume wangu Fundi,

Barua yako nimeipata na nairudisha humu humu, imesahihishwa kama kawaida. Makosa kumi na tatu. Umepanda darasa, maana ya Desemba ilikuwa na kumi na tisa. Mgodi ni wa zamani. Na maji, baba, ni "yakichafuka", ni "yanatoa", ni "hayo maji". Miaka tisa ya ndoa na fundi wa maji hajui ngeli ya maji. Watoto wa darasa la nne wanaipata hiyo. Nimeizungushia duara mara tatu, labda itaingia.

Lililonishinda ni lile la mwisho. "Amepita mmoja, tumemngoja." Nani huyo? Nyutrino si mtu, si mnyama, wala si mdudu. Haina roho. Ni nyutrino imepita, nyutrino zimepita, kama nyumba na kalamu. Kitu kikingojwa siku kumi na saba, kikaliliwa, halafu kikaitwa "a", mke wa mtu lazima akae kitako asome mara mbili. Nakutania. Nusu.

Nikimaliza madaftari ya watoto naweka barua yako mwisho, kama mtu anayebakiza nyama pembeni mwa sahani. Unakumbuka ile ya kwanza kabisa? Nilikurudishia ikiwa nyekundu yote, ukaja nayo mpaka mlango wa ofisi ya walimu ukauliza mbele ya watu, "Sasa hapa ni kosa au ni hapana?" Mwalimu mkuu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Tangu siku ile kalamu nyekundu ya kwako siichanganyi na ya shule.

Mtoto anauliza kama baba amepandwa huko chini kama kiazi. Nimemwambia atachipua Julai. Kwa hiyo usitie sahihi kitu chochote kipya bila kuniambia.

Mwalimu wako


Kambini, tarehe 9 Machi

Mke wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya njema, wewe pamoja na binti yetu. Mimi sijambo; kazi inaendelea vizuri. Wiki iliyopita tulibadilisha vichungi vyote; sasa maji yamesafishwa kiasi kwamba hayana hata ladha.

Kuhusu nyutrino, hapa kambini tunasema "amepita" kwa sababu tunaingoja kama mtu anavyongojwa. Zamani wataalamu walihesabu nyutrino zinazotoka juani, wakapata theluthi moja tu ya zile walizozitarajia. Wakadhani nyingine zimepotea, au kwamba hesabu yao ya jua ni ya uongo. Kumbe hazikupotea. Zilikuwa zimebadilika njiani; chombo chao kiliweza kuona aina moja tu. Na kitu kinachoweza kubadilika njiani lazima kiwe na uzito, hata uwe mdogo namna gani. Vitabu vya zamani vilisema hakina kabisa. Ndiyo sababu watu wazima wanakubali kukaa chini ya mlima. Huenda hapa ndipo itakapojulikana kwa nini ulimwengu una vitu ndani yake, badala ya kuwa mtupu.

Nakutumia picha ya kikosi chetu. Daktari ndiye wa katikati, mwenye kofia nyeupe.

Wako,
Mumeo


Nyumbani, tarehe 20 Machi

Fundi,

Nimekaa na kalamu nyekundu wazi saa nzima, sikupata pa kuiweka. Hakuna kosa hata moja. "Maji yamesafishwa." Nimesoma hapo nikajiona kama nimeingia jikoni kwangu nikakuta vyombo vimeoshwa na mtu nisiyemjua.

Halafu nikaziona nukta-mkato. Tatu. Wewe nukta yenyewe huwa unaisahau, hizo umezitoa wapi? Hapa shuleni kuna walimu hawajui zinatumika wapi.

Nikachukua picha. Mwenye kofia nyeupe, katikati. Ana hereni. Miezi yote hii ni Daktari amesema, Daktari ametuelezea, Daktari alilia, na mimi kichwani namwona mzee mwenye kitambi. Najua utasema hukunidanganya. Ni kweli. Kiswahili ndicho kilichokusitiri, maana "a" wa kiume na "a" wa kike ni huyo huyo. Lugha ninayoifundisha miaka kumi na moja imenigeuka ndani ya nyumba yangu.

Dada yako alikuja Jumapili, nikamwonyesha barua. Akaisoma, akabenua midomo, akasema, "Wifi, mwanaume akianza kuandika vizuri ukubwani usiulize ameandika nini. Uliza ana mwalimu gani." Nilimtoa nje kwa utani. Alipoondoka nililia.

Nina wivu. Naliandika wazi usije ukasema hukujua. Kwamba mnakula meza moja sina neno, mko kazini. Kwamba anacheka na wewe, na acheke. Wivu wangu ni wa kalamu. Nani anakusahihishia?

Mwalimu


Kambini, tarehe 2 Aprili

Mke wangu,

Hakuna mtu anayenisahihishia. Nilinunua kitabu cha sarufi kwenye duka lililo karibu na kituo, na ninakisoma kila jioni, nilitaka kukushangaza. Umenihukumu kabla ya kunisikiliza. Daktari ni mkubwa wangu wa kazi na ana heshima zake. Nadhani dada yangu amekosa shughuli.

Ofisi imetoa fomu za mkataba mpya wa miaka miwili. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Mei.

Mumeo


Nyumbani, tarehe 13 Aprili

Fundi,

Nitajie ukurasa mmoja wa hicho kitabu. Mmoja tu, na kilichoandikwa hapo.

Huwezi. Anayejifunza ngeli ukubwani huanza kukosea kwa namna mpya, anachanganya alichosoma jana na alichozoea. Wewe umeruka kutoka kumi na tatu mpaka sifuri kwa mwezi mmoja. Hata wanafunzi wangu wanaonakili kwa jirani hubakiza kosa moja ili nisiwashtukie.

Na kuna baya zaidi, nimeliwaza jana nikiwa nimesimama ubaoni, nikasahau nilichokuwa naandika. Ili mtu akusahihishie majibu, lazima asome na maswali. Kwa hiyo amesoma barua zangu. Amesoma ya mlango wa ofisi. Amesoma ya nyama pembeni mwa sahani. Amesoma hata ya kiazi.

Unataka miaka miwili, tia sahihi. Ila ukitia usiniandikie tena. Mwandikie huyo huyo anayekusahihishia, mtaokoa na stempu. Utakuja kumwona mtoto wako na mimi utanikuta mwalimu wake, basi. Kama unaitaka nyumba yako, mwisho wa Juni uwe umefika.

Barua yako ya mwisho siirudishi na kalamu. Haina cha kusahihishwa isipokuwa uongo, na huo nauacha kwako.

Mwalimu


Kambini, tarehe 25 Aprili

Mwalimu,

Mimi ndiye mwenye kofia nyeupe. Mumeo hajui kwamba nakuandikia. Anwani nimeinakili kwenye bahasha zako; kwa hilo peke yake una haki ya kuichana hii.

Nukta-mkato ni zangu. Marehemu mama alikuwa mpiga chapa; alinilea nazo.

Nakueleza yote. Barua hufika kambini na gari la vyakula, na hufunguliwa mezani mbele ya watu kwa sababu hatuna burudani nyingine. Za wenzake hutoka picha na soksi. Katika za kwake ilikuwa inatoka barua yake mwenyewe, imerudi nyekundu. Wakampa jina, Daftari. "Daftari, leo umepata ngapi?" Alikuwa anacheka pamoja nao. Mwisho wa Februari nilimkuta nyuma ya pampu na karatasi nyeupe. Hajaandika hata tarehe. Akaniambia, "Daktari, naogopa kumwandikia mke wangu." Nikamwambia alete nipitishe macho. Hapo ndipo nilipokosa. Na ndiyo, nilisoma na za kwako. Nilisema ni ili nijue anajibu nini.

Sasa lile ambalo hakuna anayenilazimisha kulisema. Niliendelea kuzisoma hata ilipokuwa hakuna haja. Kazi zangu zinasahihishwa na watu wengi, na kila mmoja anaomba nionekane nimekosea. Sijawahi kupata mtu wa kuniweka mwisho wa siku kama nyama pembeni mwa sahani. Nilikuonea wivu, Mwalimu. Nilikuwa nayafuta makosa yake moja moja huku nikijua kabisa kwamba unayapenda. Hakuna kingine kati yangu na yeye. Kutwa tumevaa ovaroli na kofia za plastiki ili unywele usidondoke kwenye tanki. Hata ukitaka kumpenda mtu humu, humtambui.

Fomu ya mkataba iko chini ya godoro lake wiki ya tatu sasa, haijaguswa. Wengine wote wamekwisha kujaza.

Daktari


Nyumbani, tarehe 5 Mei

Daktari,

Nimeisoma. Nukta-mkato yako ya pili haikustahili kuwa pale, mkato ungetosha.

Nimekuchukia siku nne. Ya tano nimechoka. La Daftari hakuna aliyewahi kuniambia, na kwa hilo nakushukuru, ingawa nilitamani shukrani hii imwendee mtu mwingine.

Barua zangu usiziguse tena hata na glavu.

Mwalimu


Kambini, tarehe 14 Mei

Mwalimu,

Hii naandika mwenyewe, hakuna mtu ameona. Daktari ameniambia alikuandikia. Nilimfokea, mkubwa wangu wa kazi, lakini kweli ni kweli.

Nilikudanganya. Kitabu haipo. Duka yenyewe haipo, hapo karibu na kituo kuna mtu anauza betri tu. Barua zako nilizitoa mimi na mkono yangu na hiyo ndio kosa kubwa kuliko zote, hata usipoweka duara.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Ile nyekundu nilikuwa naipenda. Nilikuwa nasema huyu mwanamke ameenda na mimi neno kwa neno mpaka mwisho, nani mwingine atanifanyia hivyo. Lakini huku chini mbele ya watu nikaanza kuona kama unaniambia sijafika. Wewe unasoma mara mbili unatafuta kosa, mimi nilitaka usome mara moja unitafute mimi. Ningekuambia mapema ungenielewa, wewe si mtu wa kutoelewa. Sikusema. Nikaenda kunyooshwa na mtu mwingine na barua zangu zikaanza kukufikia ikiwa za mtu mwingine. Nilituma mimi, njiani nikabadilika, na wewe chombo yako inaniona mimi tu. Ndio maana ukaona hakuna kitu kimefika.

Leo nyutrino imepita moja, saa tano asubuhi. Nimeandika imepita kama ulivyonifundisha, naona vibaya lakini nimeandika. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye pampu, nilitamani kukuambia wewe kabla ya mtu yoyote.

Mkataba sijasaini. Siku kumi na saba imebaki. Ukisema nirudi narudi na sitakuwa na kinyongo. Lakini ukiniuliza mimi napenda nini, napenda kubaki kidogo. Maisha yangu yote nimefunga mabomba ya vyoo vya watu. Hapa nafunga bomba na mtu anajua kitu kuhusu dunia ambayo jana hakuna aliyejua. Hiyo nayo nilikuwa nakuficha, niliona kama ni kukusaliti.

Maji imetulia.

Fundi wako,
Daftari


Nyumbani, tarehe 22 Mei

Fundi wangu,

Nimeisoma mara moja, kama ulivyotaka. Halafu, sitakudanganya, nikahesabu. Ishirini na moja. Sijawahi kufurahia makosa namna hii tangu nianze kazi. "Maji imetulia." Nimekuwa naisema nikipika, nikifua, mpaka mtoto akanisahihisha.

Sikujua kama nyekundu inaweza kuuma. Nilidhani ni mkono wangu begani kwako. Kila siku nawauliza watoto arobaini na tano kama wameelewa, na wewe sijawahi kukuuliza hata siku moja. Nisamehe hilo la Daftari. La barua zangu nimelisamehe, ila sijalisahau, nitakuwa nalichomoa nikitaka kushinda ugomvi.

Mkataba tia sahihi mwaka mmoja, si miwili. Wakikataa, funga mizigo uje. Wakikubali, likizo ya Agosti tunakuja mimi na mtoto, nimwone huyo asiyeonekana. Na yule anayeonekana pia. Wivu haujaisha, usijidanganye. Mwambie nitakaa naye meza moja nimwangalie hereni mpaka nishibe. Na wale wa karata waambie mwenye kalamu anakuja, kila mtu aandae mwandiko wake.

Juzi nilitaka nizisome barua zako zote kwa mpigo. Nikafungua kabati, nikakumbuka sina hata moja. Miaka tisa nazisahihisha na kuzirudisha. Zote unazo wewe, kwenye sanduku la spana. Mimi nimebaki na zile mbili safi, ambazo si zako.

Kwa hiyo hii hairudi. Imekaa kabatini kwangu na makosa yake ishirini. La ishirini na moja nimelisahihisha kwa penseli. Ni pale ulipoandika "imepita". Nimeifuta, nimeandika "amepita".

Mkeo